Kutu, Masizi na Heshima ya Chombo

Mwanadamu hukipenda chombo chake kwa namna mbili. Hukipenda kikiwa kipya kwa ajili ya sura yake, na hukipenda kikiwa kikuukuu kwa ajili ya yale waliyoyapitia pamoja. Wahenga wetu waliziona namna zote mbili: ndio waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda, na ndio hao hao waliotuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini iko namna ya tatu, nayo ni ya mtu anayekichukua chombo kikuukuu, akakisugua, akakinyoosha, akakipaka rangi, hata kikarudi upya. Mtu huyo tumweke upande gani? Amekiheshimu chombo kile, au amekifuta? Msomaji anaweza kuliona swali hili kuwa dogo. Sisi pia tuliliona dogo, mpaka siku tuliposhitakiwa nalo nyumbani kwetu na dada yetu mkubwa, kwa ajili ya jiko la mkaa.

Kabla ya kuyasimulia hayo hatuna budi kwenda mbali kidogo, kwa kuwa kosa letu tulilitenda kwa kuiga. Mwenzetu mmoja wa kazini alipelekwa mafunzoni Chicago, katika nchi ya Marekani, akarudi na picha nyingi. Miongoni mwake zilikuwamo picha za mzee aliyekuwa jirani yake huko, amesimama bandani mwake kati ya majiko ya mkaa ya kuchomea nyama, yamepangwa kwa rangi kama mitungi ya maonyesho: mekundu, meusi, mabuluu, mengine ya kijani. Mzee yule hayauzi. Huyatafuta majiko yaliyotupwa kando ya barabara siku ya taka, au yanayouzwa kwa bei ya kutupa pale watoto wa marehemu wanapoihama nyumba ya baba yao. Huyapeleka bandani, akayasafisha na kuyarudishia uzima. Hiyo ndiyo burudani yake, kama vile mwingine avuavyo samaki au achezavyo bao. Nao wenziwe wanaofanya hivyo katika nchi ile ni wengi.

Majiko anayoyapenda yana historia inayojulikana. Mwaka 1952, katika mji huo huo, mtu mmoja aitwaye George Stephen alikuwa akifanya kazi katika karakana ya vyuma ya Weber Brothers, ambako pamoja na vitu vingine yalitengenezwa maboya ya chuma ya kuwekwa majini. Stephen alikuwa mpenzi wa kuchoma nyama nyumbani kwake. Majiko ya siku zile yalikuwa kama sinia lenye miguu: upepo ukivuma majivu hurukia chakula, mvua ikinyesha moto huzimika. Basi akachukua umbo la boya, akaligawa mara mbili. Nusu ya chini akaitia miguu mitatu, ikawa chungu cha mkaa. Nusu ya juu akaitia mkono, ikawa mfuniko. Husimuliwa kwamba moto wa kwanza ulikufa kwa kukosa pumzi, mpaka matundu ya hewa yalipotobolewa. Kutokana na boya lile likazaliwa jiko la mviringo ambalo leo hujulikana karibu dunia nzima kwa jina la Weber. (Mkaa wenyewe wa matofali madogo, ambao Wamarekani huutia humo, ulikuwa umekwisha kuenezwa tangu miaka ya 1920 na Henry Ford wa magari, aliyeona hasara kutupa mabaki ya mbao za kiwanda chake kule Michigan. Tajiri hatupi kitu.)

Majiko hayo huvikwa enameli, yaani unga wa kioo unaoyeyushwa juu ya chuma katika tanuru lenye joto la nyuzi 800 hivi. Ni ile ile iliyovikwa vikombe na sahani tulizolia utotoni, ambazo zikianguka sakafuni hubanduka na kuacha doa jeusi. Enameli haishiki kutu. Kwa hiyo jiko la miaka hamsini lililotupwa uani, ingawa latisha kulitazama, mara nyingi ni zima chini ya uchafu wake. Ndani ya mfuniko huning'inia magamba meusi, na asiyejua hudhani ni rangi inayobanduka. Kumbe ni moshi na shahamu vilivyogandamana mwaka baada ya mwaka, navyo hukwanguliwa kwa wembe bapa na maji ya sabuni. Vidirisha vya hewa husuguliwa kwa waya laini mpaka ving'ae. Mikono ya mbao hupigwa msasa, ikanyweshwa mafuta. Wavu ulioliwa na kutu hulowekwa katika siki usiku kucha, kisha hupigwa brashi ya waya. Lakini mahali enameli ilipobanduka hapana dawa ya nyumbani, kwa sababu hakuna mtu mwenye tanuru la nyuzi 800 uani kwake. Hapo mwenye pupa hupaka rangi ya kustahimili moto ili kuficha, na mwenye busara huliacha kovu.

Liko jambo moja zaidi, na ndilo tuliomba tuelezwe mara mbili. Tangu mwaka 1979 kiwanda kile hupiga chapa ya herufi juu ya kidirisha cha hewa cha mfuniko, na kwa herufi ile mjuzi huusoma mwaka jiko lilipotengenezwa. Mzee wa Chicago akiliokota jiko jalalani, kwanza huufuta uchafu juu ya kidirisha, akasoma. Uchafu ukiondoka, habari hutokea.

Tulizipenda habari hizi kupita kiasi. Tuliona ndani yake adabu ya kazi za mikono na dharau kwa desturi ya kutupa kila kilichochakaa, desturi ambayo sisi wenyewe tumeianza kuishika kwa haraka ya kuogofya. Tukasema, kumbe nasi tunalo jiko.

Jiko la mama yetu lilifuliwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wenye umri wetu watakumbuka kwamba ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni, sukari na bati jipya vyote vilitafutwa kwa taabu. Fundi wa mtaani alichukua pipa la mafuta, akawasha kuni ndani yake ili kuunguza harufu, kisha akalipasua kwa tindo na nyundo kwa urefu wake, likawa mabeseni mawili marefu. Moja lilikuja kwetu. Akalitia miguu minne ya nondo na wavu wa fito nyembamba za chuma. Msomaji ataona kwamba fundi huyu na yule George Stephen walifanya tendo moja: kila mmoja alichukua kitu cha mviringo kilichofanywa kwa kazi nyingine, akakigawa mara mbili, akakipa moto. Tofauti yao si akili. Tofauti ni kwamba mmoja ameandikwa na mwingine hakuandikwa.

Juu ya jiko lile mama yetu alichoma mihogo na mahindi kando ya barabara kila siku kuanzia alasiri, akiyapaka ndimu, chumvi na pilipili. Kwa jiko lile tulivaa sare, tulinunua madaftari, na mwaka 1987 tulimaliza kidato cha nne. Na hapa hapana budi tuseme jambo ambalo kwa miaka mingi tulilipita kwa haraka: aliyeupepea moto ule hakuwa mama peke yake. Dada yetu alimaliza darasa la saba, akabaki jikoni. Yeye ndiye aliyebeba mkaa, aliyegeuza mahindi, aliyelifunga mguu wa jiko kwa waya siku mkokoteni ulipoligonga. Sisi tulikuwa shuleni.

Mama alifariki mwaka 2009. Jiko likabaki nyuma ya nyumba, kuku wakalifanya kiota. Mwaka 2018, tukiwa bado tumejaa habari za Chicago, tulilisafirisha hadi jijini na kulipeleka kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tulimwambia maneno manne tu: tunataka lirudi kuwa jipya. Fundi yule hana lawama, kwani alifanya vizuri mno kile alichoombwa. Aliikata miguu ya zamani akatia mipya iliyo sawasawa. Aliyagonga mabonde mpaka yakanyooka. Aliziba matundu, akasugua kwa mashine, kisha akalipaka rangi ya fedha nje na ndani. Lilirudi liking'aa kama meli ya sikukuu, nasi tukaliweka barazani ili wageni waulize.

Wa kwanza kuuliza alikuwa dada yetu, aliyekuja kututembelea.

“Hili la nani?”

“La mama, dada.”

Hakujibu. Alilizunguka. Akaweka mkono juu ya ukingo wa upande wa kulia, akaupapasa taratibu kama mtu atafutaye funguo gizani. Tulifahamu baadaye alichokuwa akikitafuta. Kwenye ukingo ule palikuwa na bonde dogo, mahali mama alipokuwa akigonga koleo kila baada ya kugeuza muhindi, maelfu ya mara. Bonde halikuwapo. Wala haukuwapo waya wa mguuni. Wala haikuwapo ile weusi ya upande mmoja iliyozidi ya upande wa pili kwa sababu upepo wa bahari wa jioni uliusukuma moto kuelekea huko. Akasema: “Mdogo wangu, umelisugua mpaka mama hayumo.” Na jioni ile tulipowasha moto ili kumfurahisha, mahindi yote yalinuka rangi, tukawapa mbuzi wa jirani.

Tangu hapo tumelifikiri jambo hili kwa muda mrefu. Wanafalsafa wa Kiyunani walikuwa na swali lao kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo Plutarch aliandika habari zake. Watu wa Athens waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, na wenye hoja wakagawanyika: wengine wakasema ni merikebu ile ile, wengine wakasema ni nyingine. Swali zuri, lakini twadhani nahodha yeyote wa jahazi katika pwani yetu angelijibu bila kuacha kutia kalafati. Jahazi hubadilishwa ubao leo na mwingine mwakani, na jina lake halibadiliki, kwa kuwa kila ubao mpya hupigwa misumari na watu wanaolijua jahazi lile na wanaolitaka liende safari ya kesho. Neno zito si ubao. Neno zito ni kama wako watu ambao, wakikutana na chombo, watakitambua. Jiko letu lilibaki na bati lake lile lile la pipa, karibu lote. Kwa hesabu ya Wayunani lilikuwa ni lile lile. Na bado mtu aliyelijua kuliko sote aliuliza ni la nani.

Kosa letu, basi, lilikuwa wapi? Si katika kusafisha. Wako watakaotwambia kwamba masizi si utamaduni bali ni umaskini, na kwamba mama mwenyewe, kama angaliulizwa, angalilitaka jiko jipya lenye rangi ya fedha. Hoja hii haipuuzwi. Mama yetu alikuwa mtu wa usafi. Kila usiku aliusugua wavu kwa mchanga na majivu, na sufuria zake zilitoa mng'ao ambao hatujauona tena. Kwa hiyo dada naye hana haki yote anapoutetea kila uchafu kama kwamba ni hati. Lakini tukiangalia vizuri tutaona kwamba usafi wa mama ulikuwa usafi wa kesho: alisugua ili kazi iendelee. Sisi tulisugua ili kazi isionekane. Tulitaka tuwe na jiko ambalo mgeni wa barazani angelisifu bila kuhisi joto lake wala kumwona msichana wa darasa la saba aliyekuwa nyuma yake. Neno hili linatuuma kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na hapa ndipo tunapoona jinsi kuiga kulivyotupoteza. Mzee wa Chicago anaposugua jiko lake, anafichua. Chini ya uchafu iko herufi, na nyuma ya herufi kiko kiwanda chenye jina, mwaka, na mtu anayetajwa vitabuni. Hata akiondoa kila alama ya aliyelitumia, kumbukumbu ya aliyelitengeneza ipo. Tena katika nchi yake mkaa siku hizi ni furaha ya siku za mapumziko. Chakula cha kila siku hupikwa kwa gesi na umeme. Jiko lake tangu mwanzo lilikuwa chombo cha starehe, na kulirudisha upya ni kulirudisha kwenye starehe. Letu halikupigwa chapa yoyote. Fundi hakuandika jina wala mwaka. Maandishi pekee ya pipa lile ni yale yaliyoandikwa juu yake na koleo, mkokoteni, upepo wa bahari na mikono ya wanawake wawili. Kulisugua kama la Chicago ni sawa na kuchukua barua ya pekee, ukaiosha ili karatasi iwe nyeupe.

Hatusemi kwamba kila jiko bovu liachwe lioze. Mguu uliovunjika na uungwe, lakini kiungo kionekane. Tundu lizibwe, kiraka kisione haya kuwa kiraka. Rangi isitiwe ndani kamwe mahali chakula kinapokaa. Na kabla ya msasa kugusa chuma, waulizwe walioshika koleo. Fundi wetu angaliweza kuyafanya yote haya kwa nusu ya malipo tuliyompa. Hatukumwambia, kwa kuwa hatukuwa tumemwuliza dada.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Sisi ni mtumishi wa umma, lakini hata kama tusingekuwa, tungeliunga mkono jambo hili. Tumekwisha kuona misitu ya pande zetu ikigeuka magunia kando ya barabara kuu, na tulikisikia kikohozi cha mama yetu cha miaka ya mwisho. Jiko la mkaa na liondoke jikoni kwa heri. Lakini chombo kikiondoka kazini ndipo huingia katika mambo ya kale, na mkaa hauna miaka mingi. Makumbusho yetu yametunza vigoda, ngoma, mikuki na vinu, na katika Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ili vijana waone walivyokaa babu zao. Je, nani ataliweka jiko la pipa la mchoma mihogo? Au tutasubiri mpaka litokee tajiri mmoja wa kupenda vitu vya kale, ayanunue yaliyosalia, ayapake rangi ya fedha?

Kwa upande wetu tulijaribu kutengeneza tulichoharibu. Jumamosi tatu tulikaa uani na msasa, tukiiondoa rangi kidogo kidogo. Bonde la koleo halikurudi wala haliwezi kurudi, na hatukukubali shauri la rafiki mmoja aliyetaka tuligonge jingine mahali pale pale. Lakini tulipolipindua jiko, tuliona tumboni mwake, mahali brashi ya fundi haikufika, kiraka cha bati la kopo kilichobanwa kwa ribiti mbili. Masizi yake yalikuwa kamili. Tulimpigia dada simu. Alisema kiraka kile alikitia yeye mwenyewe, mwaka wa mvua nyingi, kwa kopo la mafuta ya kupikia, na kwamba mama alicheka kwa kuwa ribiti moja ilikwenda upande.

Tukaandika hayo kwenye karatasi, pamoja na mengine aliyoyataja: waya, mkokoteni, upepo, uzito wa gunia. Alikumbuka mengi kuliko tulivyotazamia. Jina la fundi wa kwanza halikumbuki. Anakumbuka tu kwamba alikuwa na mguu mbovu, na kwamba alikuwa akipiga mluzi alipokuwa akipasua pipa.

Jiko limerudi Tanga, liko kwake. Sisi tungependa liwekwe ndani, pakavu, pamoja na karatasi ile, hadi patakapopatikana mahali panapostahili. Yeye hataki kusikia. Husema jiko lisilowashwa ni kopo tu, naye huliwasha kila wajukuu wanapokuja, wakala mihogo chini ya mwembe. Kwa moto ule chuma chake, ambacho mashine ya jijini ilikipunguza unene, kitatoboka mapema. Tumemweleza hivyo. Anajibu kwamba makopo ya kutilia kiraka bado yapo. Hadi tunaandika maneno haya hatujakubaliana.